Juzuu ya Tatu Iko Wapi?

Ukitaka kujua kama maktaba inavipenda vitabu vya katuni au inavivumilia tu, usimuulize mkutubi. Nenda rafuni utafute juzuu ya tatu. Ya kwanza utaikuta, maana hiyo ndiyo kila maktaba hununua kuonjeshea. Ya pili ipo, jalada limelegea. Ya nne na ya tano zipo, mpya kabisa, kwa sababu hakuna msomaji aliyeweza kuzifikia. Ya tatu ilitoweka zamani, hakuna aliyeiagiza upya, na katalogi bado inadai kwamba iko rafuni.

Mimi ni mkutubi. Niliajiriwa kuorodhesha vitabu, ile kazi ya nyuma ya mlango ambayo wasomaji hawaioni. Rafu ya katuni na riwaya za picha ilikuwa haina mwenyewe, ikaniangukia, na sasa anayetaka kuninyang'anya ajipange. Kwa muda wote huo nimesikia mjadala uleule ukirudiwarudiwa: viingie maktaba au visiingie? Mimi mjadala huo nimewaachia wanaoupenda. Vimeshaingia. Chama cha Maktaba cha Marekani kina kitengo kizima cha riwaya za picha na katuni tangu 2018, na wakutubi wake wa vijana wamekuwa wakitoa orodha ya kila mwaka ya riwaya bora za picha tangu 2007. Kinachonikera ni kile kinachofuata baada ya kuingia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Vitabu hivi vimekaa kwetu miaka nenda miaka rudi, na bado tumevikalisha sebuleni: jembe hatujavipa, wala chumba.

Tuanze na chumba. Katika mfumo wa Dewey, ambao maktaba nyingi duniani hupangia vitabu vyake, katuni zimepewa namba 741.5. Namba hiyo imo ndani ya kundi la sanaa, jirani na vitabu vya kufundisha kuchora kwa penseli. Ukiifuata kanuni bila kutumia akili, kumbukumbu za msichana aliyekulia Iran wakati wa mapinduzi, vituko vya paka mvivu, na historia ya harakati za haki za raia Marekani vitasimama bega kwa bega kwa sababu moja tu, kwamba vimechorwa. Hapo umepanga kalamu, hujapanga vitabu.

Aliyeonja hilo waziwazi ni mchora katuni wa Marekani, Art Spiegelman. Sehemu ya pili ya Maus ilipotoka mwaka 1991, gazeti la New York Times liliiweka kwenye orodha ya vitabu vya kubuni vinavyouzwa zaidi. Kitabu chenyewe ni simulizi ya baba yake, Myahudi wa Poland aliyenusurika kambi ya mauaji ya Auschwitz. Kweli, Wayahudi wamechorwa wakiwa panya na Wanazi wakiwa paka, lakini mambo yaliyomo yalitokea. Spiegelman akaliandikia gazeti barua, nalo likakihamishia upande wa vitabu visivyo vya kubuni. Mwaka uliofuata Maus ikapata tuzo maalumu ya Pulitzer.

Kwenye maktaba, Maus mpaka leo ina anwani zaidi ya moja. Kuna walioiweka 940.53, kwenye historia ya Vita Kuu ya Pili, na kuna walioiweka 741.5. Kila upande una hoja. Anayesoma kuhusu mauaji ya Wayahudi hataenda kupekua rafu ya katuni, na mpenzi wa katuni hataingia historia kwa bahati. Mimi nimekata hivi: vya kubuni vyote vinakaa pamoja kwenye rafu yao, vya mambo ya kweli vinakwenda kwenye mada yake, na fedha ikiruhusu nakala ya pili inabaki huku. Wenzangu wananiambia huko ni kununua kitabu kimoja mara mbili. Ndiyo. Kamusi tumenunua ngapi?

Halafu ile rafu ya kubuni siipangi kwa jina la mwandishi. Naipanga kwa jina la mfululizo, kisha namba ya juzuu. Hili limenigombanisha na watu wapenda kanuni, lakini sababu yake ni rahisi. Mfululizo mmoja wa mashujaa wa Kimarekani huandikwa na watu kwa zamu, huyu juzuu tatu, yule juzuu mbili. Ukifuata jina la mwandishi umeutawanya mwanzo wa rafu hadi mwisho wake. Tena wachapishaji wale wana tabia ya kuanza upya namba moja kila wakitaka kuvuta wanunuzi wapya, kwa hiyo shujaa yuleyule anaweza kuwa na "juzuu ya kwanza" tatu nne, za miaka tofauti, zenye hadithi tofauti. Kwenye katalogi ninaandika mwaka na kile kinachozitofautisha, na kwenye mgongo wa kitabu ninabandika namba kubwa inayosomeka bila kuinama. Hiyo namba ya mgongoni, nisikufiche, imefanya kazi kubwa kuliko semina zote nilizohudhuria.

Na majina. Kitabu cha maandishi kina mwandishi, basi. Cha katuni kina anayeandika, anayechora kwa penseli, wakati mwingine mwingine anayepitia kwa wino, mwingine anayetia rangi, mwingine anayeandika yale maneno ndani ya viputo. Katalogi ya kivivu itamtaja wa kwanza na kuwaacha wengine nje. Sasa chukua mfululizo wa Aya, wasichana wa mtaa wa Yopougon, Abidjan, miaka ya 1970. Umeandikwa na Marguerite Abouet, umechorwa na Clément Oubrerie, na juzuu yake ya kwanza ilitoka Ufaransa mwaka 2005. Msomaji aliyependa mkono wa mchoraji anataka kujua amechora nini kingine. Kama Oubrerie hayumo kwenye katalogi, umemfungia mlango. (Abouet, kwa taarifa, baadaye alianzisha shirika linalofungua maktaba ndogo za watoto huko Ivory Coast. Anajua rafu tupu ilivyo.)

Manga, yaani katuni za Kijapani, ni shule nyingine kabisa. Zinasomwa kulia kwenda kushoto, jambo ambalo watoto hulielewa kwa dakika moja na watu wazima hulirudisha kaunta wakidai kitabu kimechapwa kinyume. Tatizo lake kwa maktaba ni urefu. Naruto iliishia juzuu ya 72. One Piece ilifikisha juzuu ya 100 huko Japani mwaka 2021 na haijakoma. Ukizisimamisha rafuni juzuu mia moja zinameza karibu mita mbili, na ukianza kuzinunua umejifunga: hakuna njia ya heshima ya kuacha katikati. Ndiyo maana ninapendelea mifululizo michache iliyokamilika kuliko mingi iliyokatika. Mwaka mzima naweza nisinunue mfululizo mpya hata mmoja, fedha yote ikaenda kuziba mapengo. Kwenye ripoti haionekani kuwa ni kazi. Hakuna mkuu wa idara atakayepiga picha na juzuu ya tatu iliyorudishiwa.

Mapengo mengine, hata hivyo, si mapengo. Juzuu haijaibwa. Iko nyuma ya ensaiklopidia, imelazwa kwa ubavu, imefichwa na mtu asiye na kadi, au mwenye kadi iliyofungiwa kwa kuchelewesha, ambaye hakuimaliza kabla ya kufunga na anaogopa kesho atakuta imeazimwa. Nikiikuta huko, naiacha hadi jioni ya pili. Kanuni hainiruhusu. Lakini msomaji anayeficha kitabu ili aje kukimaliza ndiye msomaji ambaye tunaandika maombi ya fedha tukidai tunamtafuta.

Kuna na suala la gundi. Riwaya nyingi za picha huchapwa kwa jalada jepesi na mgongo wa gundi, na mchoraji akiwa na raha hutandaza picha moja kwenye kurasa mbili. Msomaji anataka kuiona yote, hasa pale katikati inapozama mgongoni, basi anakikunjua kitabu mpaka kinalia. Baada ya kuazimwa mara kadhaa kurasa zinatoka, kwanza moja, kisha kishada. Usitumie selotepu ya kawaida. Inageuka manjano, inanata kurasa za jirani, na gundi yake inakula rangi. Wachuuzi wa maktaba wanauza nakala zilizojaladiwa upya kwa jalada gumu, ghali zaidi, na kwa vitabu vinavyozunguka sana gharama hiyo hujilipa. Kila kinaporudi nakipekua kurasa zote, kwa sababu kuna wasomaji wenye wembe, na picha wanayoipenda huondoka nayo. Riwaya ya maandishi ikikosa ukurasa mmoja unaweza kubahatisha kilichotokea. Hapa ukurasa mmoja unaweza kuwa ndio mkasa wenyewe.

Nimefika kwenye hoja ambayo hunitoa kwenye utulivu. Ni ile hoja ya ngazi. Wanaoiongoza si maadui wa katuni, ni marafiki zake: waache watoto wasome hizi, wanasema, baadaye watapanda kwenye vitabu vyenyewe. Hupenda kumtaja Desmond Tutu, na kweli Tutu alipata kusimulia kwamba baba yake, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alimruhusu kusoma katuni kinyume na walivyoamini waalimu wa enzi zile, na kwamba huko ndiko yalikoota mapenzi yake ya kusoma. Sina ugomvi na Tutu. Nina ugomvi na neno "baadaye". Mkutubi anayeamini kwamba katuni ni kipandio atanunua za watoto tu, atanunua juzuu ya kwanza tu, na hatahangaika na mgongo uliolegea, kwa kuwa msomaji alitakiwa awe ameshaondoka pale. Ukitazama vizuri, rafu mbovu inatokana na imani hiyo zaidi kuliko uhaba wa fedha.

Na wasomaji wenyewe hawaondoki. Wanakua, wanaendelea. Tuzo ya Newbery, ambayo hutolewa Marekani kwa vitabu vya watoto tangu 1922, ilikwenda kwa riwaya ya picha kwa mara ya kwanza mwaka 2020, New Kid ya Jerry Craft. Haikupewa kwa sababu inapeleka watoto mahali pengine. Ilipewa kwa jinsi ilivyo.

Kuna hadithi moja ya katuni na maktaba ambayo nikiisimulia nashindwa kuifupisha. John Lewis, aliyekuja kuwa mbunge wa Georgia kwa miongo mitatu, alikulia mashambani karibu na mji wa Troy, Alabama. Mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 16, alikwenda na ndugu zake kwenye maktaba ya umma kuomba kadi. Wakaambiwa maktaba ni ya Wazungu, si ya watu weusi. Mwaka uliofuata shirika la Fellowship of Reconciliation lilitoa kijitabu cha katuni kuhusu Martin Luther King na mgomo wa mabasi wa Montgomery, kikiuzwa senti 10. Kilipita mkono kwa mkono miongoni mwa vijana waliokuwa wakijifunza kudai haki bila kurusha ngumi, na Lewis alikuwa mmoja wao. Mwaka 1998 alirudi kwenye maktaba ileile, safari hii kusaini kitabu chake mwenyewe, na ndipo walipompa kadi.

Msaidizi wake, Andrew Aydin, alikuwa mpenzi wa katuni, akamshawishi aandike maisha yake kwa njia hiyo. Nate Powell akachora. Ndivyo ilivyozaliwa March, juzuu tatu kuanzia 2013. Ya mwisho ilishinda Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani mwaka 2016 katika kundi la vijana. (Juzuu ya tatu, mnaona.) Jukwaani, mzee yule aliyepigwa na polisi darajani Selma mpaka fuvu likapasuka aliongea sauti ikimkatika, na alichokisimulia ni ile siku ya kunyimwa kadi ya maktaba. Mtu akiniambia katuni ni kipandio namuuliza: Lewis alikuwa na miaka 76, alikuwa anapanda kwenda wapi?

Jambo jingine: kusoma katuni si rahisi kama wasioisoma wanavyodhani. Kisanduku kimoja kinaonyesha mkono umeshika kitasa cha mlango. Kinachofuata kinaonyesha kiti kitupu. Kati yake kuna ufito mweupe, mwembamba, na humo ndimo mtu alimoondoka. Hakuna aliyekuchorea anavyoondoka. Umeifanya kazi hiyo mwenyewe. Scott McCloud alilieleza hilo kwa kirefu mwaka 1993, katika kitabu cha nadharia ya katuni ambacho nacho ni katuni tupu. Mimi nililiona kwa mstaafu mmoja, msomaji wa historia nene nene, aliyeazima March kwa ushauri wangu akairudisha siku ileile.

"Binti, kimekwisha upesi. Maneno machache mno."

"Na picha, mzee?"

"Picha za nini? Si mapambo."

Nilimfungulia kurasa mbili zisizo na neno hata moja, nikamwomba anisimulie. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaanza kunieleza, kidole kikirudi nyuma kila mara kutafuta alichokiruka. Alikiazima tena. Msije mkadhani amegeuka mpenzi wa katuni. Alisoma zote tatu akarudi kwenye historia zake, na akaniambia bado anaona gharama ya wino ni kubwa.

Sasa malalamiko. Kitabu chochote chaweza kulalamikiwa, lakini katuni inalalamikiwa upesi zaidi kwa sababu picha haina pa kujificha. Jambo lililoandikwa ukurasa wa 212 wa riwaya nene linahitaji mtu asome hadi huko. Jambo lililochorwa linaonekana kwa anayepita. Mzazi mmoja alinijia kaunta na simu mkononi, amepiga picha ya kisanduku kimoja.

"Dada, hiki ndicho mnachowapa watoto wetu?"

"Hapana, baba. Hicho kimetoka rafu ya watu wazima. Umekisoma?"

"Kusoma nini? Si nimekiona!"

Nilimpa fomu ya malalamiko na kitabu, maana fomu yetu inauliza kama umesoma kitabu chote. Alirudisha kitabu. Fomu hakuirudisha, na sikuiulizia.

Simdharau mzazi yule. Alichouliza kina haki: nani anaamua nini kinakaa wapi? Neno katuni huwadanganya watu wazima wakadhani chochote kilichochorwa ni cha watoto, na maktaba inayorundika vyote rafu moja inawathibitishia uongo huo. Kwa hiyo sisi tuna rafu tatu, za watoto, za vijana na za watu wazima, katika pande tofauti za jengo. Alama ya umri ya mchapishaji naitazama, siiabudu. Kila mchapishaji ana vipimo vyake. Nasoma mwenyewe, au angalau napekua kila ukurasa, kabla ya kuamua. Ndiyo, inakula muda, na ndiyo, nimelipwa kusoma katuni, mnaweza kuona wivu.

Nisichokubali ni kisanduku kimoja kuhukumu kitabu kizima. Januari 2022 bodi ya shule ya kaunti ya McMinn, Tennessee, iliiondoa Maus kwenye mtaala wa darasa la nane kwa kura 10 kwa 0, ikilalamikia matusi machache na mchoro mdogo wa mwili mtupu. Katika kitabu kuhusu Auschwitz, hicho ndicho walichokiona. Matokeo yake watu walikimbilia kukinunua, na kikapanda kileleni mwa orodha za mauzo zaidi ya miaka 30 baada ya kutoka.

Woga huu una historia, na sisi wakutubi hatumo upande wa mashujaa. Miaka ya 1940 katuni zilisomwa na karibu kila mtoto wa Marekani, na wakutubi wengi walikuwa mstari wa mbele kuzilaani. Kisha mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham akatoa kitabu kilichodai kwamba katuni zinazalisha wahalifu. Mwaka huohuo kamati ndogo ya Seneti ikafanya vikao, na wachapishaji kwa hofu wakajiundia kanuni zao wenyewe pamoja na muhuri wa kubandika kwenye jalada. Kampuni nyingi zilikufa. Muhuri ule uliendelea kubandikwa na baadhi yao hadi 2011.

Sehemu ninayoipenda inakuja baadaye. Wertham alipokufa karatasi zake ziliwekwa Maktaba ya Bunge ya Marekani, na zilifunguliwa kwa watafiti mwaka 2010. Carol Tilley, mhadhiri wa masuala ya maktaba katika Chuo Kikuu cha Illinois, akaketi na maboksi yale akilinganisha maelezo ya awali ya watoto na yalivyotokea kitabuni. Mwaka 2012 alichapisha alichokikuta: umri umebadilishwa, maneno ya watoto kadhaa yamewekwa mdomoni mwa mmoja, mambo mengine mazito ya maisha yao yameachwa nje ili lawama ibaki kwa katuni. Aliyeifumua hoja iliyoziondoa katuni kwenye rafu ni mtu wa maktaba, ndani ya maktaba, kwa kusoma makaratasi ambayo maktaba ilikuwa na subira ya kuyatunza.

Subira hiyo hatukuwa nayo siku zote. Katikati ya karne ya 20 maktaba nyingi za Marekani zilianza kunakili magazeti ya zamani kwenye filamu ndogo na kuyatupa yenyewe. Filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe. Katuni za Jumapili, zilizochapwa kwa rangi kwenye kurasa pana kama meza, zilikuwa zinakwenda na maji. Bill Blackbeard, mpenzi wa katuni huko San Francisco, akaomba apewe magazeti hayo. Maktaba zikasema haziwezi kumpa mtu binafsi mali ya umma. Mwaka 1968 akasajili asasi isiyo ya biashara, akaanza kuyapokea nyumbani kwake. Nyumba ikajaa. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Ohio State kilipouchukua mkusanyo ule, yalihitajika malori makubwa sita kubeba tani 75. Leo umo katika Maktaba na Makumbusho ya Katuni ya Billy Ireland, ambako watafiti husafiri kutoka mbali kuviona vitu ambavyo maktaba nyingine ziliviita takataka.

Kuna namna nyingine ya kutunza, ya kuviweka mikononi mwa watu. Makumbusho ya Kimataifa ya Manga ya Kyoto yalifunguliwa mwaka 2006 katika jengo lililokuwa shule ya msingi. Juzuu 50,000 zimepangwa kwenye kuta za kumbi na ngazi, wazi, shika usome; hali ya hewa ikiwa nzuri watu hutoka nazo uani wakajilaza kwenye nyasi. Nimeitazama picha ya uwanja ule mara nyingi kuliko inavyofaa mtu mzima aliye kazini.

Kwetu hakuna nyasi, lakini kuna meza ndefu karibu na rafu ya vijana, na Jumamosi inakaa kundi la watoto wanaochora. Halikuanzishwa na mradi wowote. Walikuwa wakinakili wahusika wa manga, nikawapa karatasi zilizochapwa upande mmoja, basi wakaendelea kuja. Mwanzoni walichora mashujaa wenye misuli. Siku hizi wanachora mwalimu wao wa hesabu, bibi anayezungumza na redio, mdogo mtu aliyemeza kifungo. Hadithi ikikamilika tunaikunja, tunaitia pini mbili, na hapa ndipo nilipopigana na wenzangu: naiingiza kwenye katalogi. Jina la aliyeandika, jina la aliyechora, jina la aliyetia rangi hata kama ni mtu yuleyule. Msimbo nyuma, namba mgongoni. Inakaa rafuni pamoja na nyingine na inaazimwa kwa kadi kama kitabu chochote.

Kimoja kimeniletea kazi. Mwandishi wake, binti wa miaka tisa, alipoambiwa kwamba kila kitabu huandikiwa kinawafaa watu wa umri gani, aliomba kalamu nyekundu akaandika kwenye jalada: WAKUBWA HAWARUHUSIWI. Nilimweleza kwamba maktaba ya umma haiwezi kumzuia mtu kwa ukubwa wake. Akasema basi niandike kwenye kompyuta kwamba ameshauri. Nimeandika. Iko kwenye rekodi, sehemu ya maelezo kuhusu wasomaji waliokusudiwa, neno kwa neno, na tangu hapo kitabu hakijatulia rafuni. Waliokiazima, nimeangalia, karibu wote ni wazazi.